Mgonjwa wa Akili Nyumbani Mwetu



Katika Injili ya Marko, mlango wa 5, twasoma habari za mtu wa makaburini, ambaye watu walizoea kumfunga minyororo. Alipoponywa alitaka kumfuata Bwana, lakini Bwana alimtuma aende nyumbani kwake. Basi tujiulize: je, sisi tu tayari kumpokea mtu kama huyo?

Nauliza kwa kuwa mimi mwenyewe nalikosa. Mpwa wangu aliporudi kutoka hospitali, nalimwambia asubuhi moja: "Chota maji, wafungulie mbuzi, kisha ukapalilie maharage." Saa sita nalimkuta ameketi pale pale, ndoo mkononi. Nikamwita mvivu mbele ya watu. Siku tatu hakula pamoja nasi.

Baadaye tabibu alinieleza ya kuwa ugonjwa huo, uitwao skizofrenia, hauleti tu sauti zisizosikiwa na wengine, bali hudhoofisha pia kumbukumbu na nguvu ya kuanza kazi. Kumbe nalimpa kazi tatu kwa pamoja, na zote zikampotea.

Basi yafaa tufanye hivi. Kwanza, mpeni neno moja kwa wakati mmoja. Akiisha, mpeni la pili. Pili, kuamka, kuoga, kula na kulala kuwe kwa saa zile zile kila siku. Tatu, dawa ziandamane na jambo la desturi, kama uji wa asubuhi, na mtu mmoja azikumbuke. Asiziache kwa sababu ameona nafuu, ila kwa shauri la tabibu. Sala haigombani na dawa. Nne, msibishane naye juu ya sauti zake, wala msimcheke, wala msimfunge kamba. Pombe na bangi ziwe mbali naye. Akikosa usingizi usiku kadhaa, au akianza kujitenga, mpelekeni hospitali mapema.

Kazi nayo ni msaada. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisheni walijenga makao mwaka 1896 kwa watoto waliotolewa utumwani. Baadaye yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kazi za mikono zikawa sehemu ya uuguzi wao.

Mpwa wangu nalimwomba radhi mbele ya watu wale wale. Sasa yeye ndiye atuchoteaye maji. Kila asubuhi namwambia neno moja tu: "Ndoo, mwanangu."