Bei ya Chumba Si Gharama ya Safari
Anayetafuta hoteli ya nafuu katikati ya Dar es Salaam asihesabu bei ya chumba peke yake. Ajumlishe nauli, chakula na muda. Chumba cha pembezoni huonekana rahisi, lakini foleni za asubuhi huumeza unafuu huo. Kariakoo na Kisutu zina gesti nyingi, na hapo si mbali na boti za Zanzibar, treni ya umeme na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016.

Wapo wanaosema katikati ya mji kuna kelele. Ni kweli, ila dawa ipo: omba chumba cha nyuma, kikague kabla ya kulipa, jaribu bomba na kitasa, kisha uliza punguzo la siku kadhaa. Unafuu hasa ni kulala salama na kuamka karibu na shughuli zako.