Picha za kale za pwani ya Nyasa: zilipigwa na nani, na waliomo ni akina nani?

Ukiwa na simu yenye intaneti, hata kama uko Matema, Ipinda au Ngonga, unaweza kuziona picha zilizopigwa Unyakyusa kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Utaona wanaume na ng'ombe wao, kina mama uani, watoto mbele ya nyumba ya mianzi na migomba nyuma yao. Zina zaidi ya miaka mia moja, na baadhi ni safi kuliko picha za harusi ya mwaka jana.

Kinachouma ni maelezo yaliyo chini yake. Mara nyingi ni maneno machache ya Kijerumani yenye maana ya "mwanamke wa Konde" au "nyumba ya Konde". Konde ndilo jina ambalo Wajerumani waliwaita Wanyakyusa. Jina la mama aliyesimama pale halipo, wala la mumewe, wala la kijiji chake. Jina la mpiga picha mara nyingi lipo.

Wasikilizaji wetu wengi wana bibi na babu waliozaliwa miaka ya 1940. Hao waliwajua kwa macho wazee ambao walikuwa vijana wakati picha hizi zinapigwa. Wakiondoka, hakutakuwa na wa kuulizwa.

Zilipigwa na nani

Mwaka 1891 wamisionari Wajerumani wa Kanisa la Moravian walifika na kuanza kituo Rungwe. Mwaka huohuo wenzao wa Misheni ya Berlin waliingia upande wa mashariki, na baadaye wakawa na kituo Ikombe, pale ziwani chini ya milima. Mwaka 1894 Wamoravian walifungua Ipyana, ambayo leo iko Wilaya ya Kyela. Wengi wa watu hawa waliishi hapa miaka mingi, wakajifunza Kinyakyusa, na baadhi yao walikuwa na kamera.

Mwingine alikuwa daktari wa jeshi la Kijerumani, Friedrich Fülleborn, aliyezunguka nchi ya Nyasa na Ruvuma mwishoni mwa miaka ya 1890. Kitabu chake kikubwa kuhusu nchi hiyo na watu wake kilitoka mwaka 1906, kikiwa na picha nyingi.

Kupiga picha wakati huo haikuwa kazi ya kutoa simu mfukoni. Kamera ilikuwa sanduku lililosimama juu ya miguu mitatu, na picha ilinaswa kwenye kipande cha kioo kilichopakwa dawa yenye madini ya fedha. Vioo hivyo vilitoka Ulaya kwa meli, vikapandishwa mto Zambezi na Shire, vikavuka ziwa, kisha vikabebwa vichwani na wapagazi hadi kituoni. Kioo kikianguka, kazi imekwisha. Kwa hiyo mpiga picha hakupoteza kioo ovyo. Alichagua, akapanga watu, akawaambia wasimame hapa, watazame kule.

Hili ni la kukumbuka unapoziangalia. Picha inayoitwa ya "maisha ya kila siku" mara nyingi ilikuwa imepangwa. Tena ilikuwa na kazi yake Ulaya: iliingia kwenye magazeti ya misheni na kadi za posta, au ilimulikwa ukutani kwa taa kwenye mikutano ya kanisa ili waumini watoe sadaka. Ndiyo maana utakuta sana picha za aina mbili: watu wa "mila" upande mmoja, na Wakristo wapya waliovaa nguo nyeupe upande wa pili. Kila moja inamwambia Mjerumani aliyeko kwao kwamba fedha yake inafanya kazi.

Za Fülleborn zina tatizo jingine. Alikuwa pia anapima miili ya watu kwa ajili ya utafiti, kama wasomi wengi wa Ulaya walivyofanya siku hizo. Baadhi ya watu walipigwa kwa mbele na kwa upande kama vielelezo. Ukikutana na picha ya namna hiyo, ya mtu aliyevuliwa heshima yake, usiirushe kwenye kundi la WhatsApp ili watu wacheke. Yule ni bibi wa mtu, na huenda ni wako.

Jinsi ya kuisoma picha

Anza na nyumba. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1879, aliwasifu sana watu wa kaskazini mwa ziwa kwa nyumba zao na usafi wa vijiji vyao, na picha zilizokuja baadaye zinaonyesha kwa nini: kuta za mianzi zilizosukwa kwa ustadi, udongo uliopangwa kwa nakshi, ua uliofagiwa, migomba pande zote. Kisha tazama mavazi. Utaona vazi la gome la mti, pete nzito za shaba kiunoni, na hapohapo kitambaa cha dukani. Picha ikiwa na vyote hivyo pamoja, ujue umefika wakati nguo za dukani zilikuwa zinaingia na za zamani hazijatoka.

Kama kuna vyungu, waite kina mama wa Kikisi. Wanaouza Lyulilo siku ya soko wanaweza kukuambia ni chungu cha kazi gani kuliko maelezo yoyote ya makumbusho.

Halafu inua macho utazame milima. Watu wamepita, nyumba zimeoza, lakini mstari wa Milima ya Livingstone dhidi ya anga haujabadilika. Chukua simu yenye picha ya zamani, simama ufukweni, sogea kulia na kushoto mpaka vilele vikae kama vilivyo kwenye picha. Hapo utakuwa karibu na mahali kamera iliposimama.

Ufukwe wenyewe usiuamini sana. Karibu na mwaka 1915 maji ya Ziwa Nyasa yalikuwa yamepungua mno, hata yakawa hayatoki vizuri kuingia Mto Shire kule kusini. Miaka kama ishirini iliyofuata yakapanda kwa mita kadhaa. Kwa nchi tambarare kama Kyela, mita kadhaa ni eneo kubwa. Baadhi ya sehemu watu walikosimama wakapigwa picha mwaka 1910 huenda leo ni mahali pa kutega nyavu.

Zinapatikana wapi

Picha za Wamoravian zinatunzwa Herrnhut, mji mdogo mashariki mwa Ujerumani ambako kanisa hilo lina makao yake ya kihistoria. Nyingi zimewekwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, ndani ya mkusanyiko wa picha za misheni uitwao International Mission Photography Archive. Kuziangalia ni bure, gharama ni bando lako tu. Chuo Kikuu cha Frankfurt nacho kina hazina kubwa ya picha za makoloni ya Kijerumani.

Shida ni tahajia. Ukiandika "Kyela" hutapata mengi. Jaribu "Konde", "Rungwe", "Ipyana" au "Ipiana", na "Langenburg". Langenburg ya kwanza ilikuwa boma la ufukweni. Neu Langenburg ndiyo Tukuyu. Herufi J ya Kijerumani husomwa kama Y yetu, hivyo Nyasa utaikuta "Njassa", na pengine "Nyassa" yenye S mbili.

Tahadhari moja. Mwaka 2008 hifadhi ya taifa ya Ujerumani iliweka maelfu ya picha zake kwenye Wikimedia, zikiwemo za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyekuwa na duka lake Dar es Salaam. Picha za namna hiyo husambaa, na njiani hubadilishwa maelezo. Ukitumiwa picha ya askari na ukaambiwa ni Tukuyu mwaka 1905, tafuta kwanza ilikotoka.

Suala la majina

Miaka hiyohiyo, huko Marekani, mwalimu mmoja aitwaye Lewis Hine aliajiriwa mwaka 1908 kupiga picha watoto waliofanya kazi viwandani, migodini na barabarani wakiuza magazeti. Aliandika jina la mtoto na umri wake kila alipoweza, na urefu aliupima kimyakimya kwa vifungo vya koti lake. Miaka karibu mia moja baadaye, mtafiti mmoja aliyafuata majina yale na kuwapata wajukuu. Wengine hawakuwahi kujua kwamba babu yao alipigwa picha akiwa mtoto wa kiwandani. Daftari la Hine ndilo lililofanya hilo liwezekane.

Kwetu waliokaribia zaidi ni Godfrey na Monica Wilson, watafiti waliokaa na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Waliandika maneno ya watu kwa Kinyakyusa chenyewe, wakisaidiwa na Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wao. Karatasi zao ziko Chuo Kikuu cha Cape Town.

Picha za sanduku lako

Kosa la wamisionari tunalirudia nyumbani. Kwenye sanduku la bati kuna picha za miaka ya 1960 na 1970 ambazo nyuma hazina neno. Geuza picha, andika kwa penseli laini, usibonyeze: jina, mahali, mwaka kama unajulikana. Kalamu ya wino hupenya hadi mbele. Usiipige leminesheni, wala usiibandike kwa gundi.

Ipige kwa simu ukiwa mlangoni, kivulini, taa ya simu ikiwa imezimwa. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili la hati. Ikienda kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora. Masika yakiingiza maji ndani na picha zikashikana, usizibandue zikiwa kavu. Ziloweke kwenye maji safi mpaka ziachane zenyewe, kisha zianike kivulini uso ukiwa juu.

Unapomwonyesha bibi picha ya zamani, usianze kwa kumuuliza "huyu ni nani?" Atasema hajui, na mazungumzo yataishia hapo. Muulize chungu kile kilipikiwa nini, nguo ile ilivaliwa lini, nyumba ile ilikuwa ya nani kijijini. Washa kinasa sauti cha simu, kiweke pembeni, umwache aongee.