Kabla ya kulipia mfumo wa biashara, dai ramani yake

Ukitaka kujenga nyumba, hulipi fundi kabla hujaona ramani. Unaiweka mezani, unauliza jiko liko wapi, choo kiko upande gani, mlango wa uani unatokea wapi. Lakini mfanyabiashara huyo huyo akitaka programu ya kompyuta ya kuendesha biashara yake, humweleza fundi mambo mawili matatu kwa simu, hutuma malipo ya awali, kisha husubiri.

Kwa duka la mtaa mmoja huenda mambo yakaenda. Kwa anayevuka mpaka, ni hatari.

Chukua muuza mchele wa Kahama anayepeleka mzigo Kigali kupitia Rusumo. Fundi wake ni kijana hodari, ametengeneza mifumo ya maduka mengi, na maduka yote hayo yanauza kwa shilingi ya Tanzania. Anaandika programu yenye nafasi moja tu ya bei. Mzigo unapouzwa Kigali kwa faranga, karani anaingiza faranga kana kwamba ni shilingi. Kwa kuwa faranga moja ya Rwanda ina thamani kubwa kuliko shilingi moja ya Tanzania, mwisho wa mwezi kompyuta inaonyesha hasara palipo na faida.

Fundi akiitwa atasema anaongeza nafasi ya sarafu, kazi ya siku moja. Si kweli. Stoo, madeni, ripoti ya faida, vyote vimejengwa vikiamini kuna fedha ya aina moja. Kila mauzo yanatakiwa yabebe kiasi, sarafu, na kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo. Hilo ni suala la msingi wa nyumba, si la rangi ya ukuta.

Kuna na saa. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Lori likitoka upande wa Tanzania saa nne na dakika kumi asubuhi, likavuka kwa dakika ishirini, saa ya upande wa pili inasoma saa tatu na nusu. Programu isiyojua hilo itaandika kwamba mzigo umefika kabla haujaondoka!

Mwaka 1987 John Zachman, aliyekuwa akifanya kazi IBM, aliandika makala akieleza kwamba mifumo ya kompyuta inahitaji michoro kama ya majengo. Mwenye nyumba ana mchoro wake, msanifu wake, mjenzi wake. Si mchoro mmoja unaoongezwa vipimo tu, kwani kila mmoja wao anatazama jambo tofauti.

Wewe ni mwenye nyumba. Dai mchoro wako, na ukurasa mmoja unatosha. Kisanduku cha duka la Kahama, kisanduku cha stoo ya Kigali, wakala wa forodha, fedha za simu, mamlaka ya mapato ya kila nchi. Kati yao mishale, na juu ya kila mshale iandikwe kinachopita: fedha, risiti au hati. Fundi akikuletea kurasa thelathini za alama usizozielewa, mwambie hizo ni zake, akuchoree yako.

Kisha pita na kidole. Mtandao ukikatika Rusumo, mshale upi unasimama, na karani ataendelea kuuza? Kumbukumbu zinakaa kwenye kompyuta ya nani? Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Uganda na Rwanda. Kikibadilika, nitakirekebisha mwenyewe au mpaka nimtafute fundi? Uganda wana EFRIS, Kenya eTIMS, Rwanda EBM. Nikifungua soko Kampala mwakani, kisanduku kipya kitaunganishwa wapi? Fundi asipokuwa na jibu, afute mstari achore upya. Hapo hasara ni karatasi.

Malipo nayo yafuate mchoro. Fungu la kwanza litoke ukishauelewa na kuukubali, na iandikwe kwenye mkataba kwamba michoro yote, yako na ya fundi, ni mali yako. Mafundi huhama, hupata ajira kwingine, hubadilisha namba za simu. Atakayekuja baada yake ataanzia kwenye hiyo michoro. Ikikosekana, wengi hushauri kitu kimoja: tubomoe tuanze upya, kwa gharama yako.