Kisangani: Kwa stajieri wa pediatria, kazi huanza na kilo za mtoto

Wanafunzi wa uuguzi wanaoanza staji katika pediatria mjini Kisangani hufika na hamu ya kushika sindano. Lakini katika siku za kwanza, kinachomlinda mtoto ni vitu vidogo zaidi: mizani, saa yenye mshale wa sekunde, daftari, na ujasiri wa kusema «sijui, ngoja niulize».

Kisangani, mji mkuu wa jimbo la Tshopo, ni mji wa shule. Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS, kilianza mwaka 1963. Kuna pia chuo cha juu cha ufundi wa tiba, ambacho wengi wanakijua kwa jina la ISTM, pamoja na shule za sekondari za uuguzi zinazoitwa ITM. Mwanafunzi wa ITM hutoka na diploma ya A2. Yule wa ISTM, kwa mpango wa zamani wa masomo, alitoka na A1. Wote hupita katika mlango mmoja, nao ni staji ya hospitali.

Watoto wagonjwa hulazwa katika kliniki za chuo kikuu, na vilevile katika hospitali kuu za kanda za afya za mji: Makiso-Kisangani, Kabondo, Mangobo, Tshopo na Lubunga. Lubunga iko ng'ambo ya mto Congo, na hakuna daraja la kuvuka mto huo hapo mjini. Stajieri anayekaa upande mmoja na kupangiwa kazi upande wa pili huanza siku yake kwenye mtumbwi, kisha hupanda pikipiki au toleka, ili awahi rapoti ya asubuhi. Akikosa rapoti hiyo, hatajua ni mtoto gani alikuwa na degedege usiku, wala nani anangoja damu.

Mji wenye historia ya uuguzi

Kufundisha uuguzi kando ya kitanda cha mgonjwa si jambo geni kwenye sehemu hii ya mto. Huko Yakusu, kijiji kilicho chini kidogo ya Kisangani ukifuata mto, wamisionari Wabaptisti wa Uingereza walifungua kituo mwaka 1895. Daktari Clement Chesterman alifika mwaka 1920, wakati ugonjwa wa malale ulikuwa ukimaliza vijiji. Daktari mmoja asingeweza kufikia watu wote, kwa hiyo vijana Wakongomani walifundishwa kuchunguza damu kwa darubini, kupiga sindano na kuandika daftari. Baadaye walitumwa kuhudumia zahanati za vijijini.

Leo uuguzi ni taaluma yenye sheria yake. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliunda chama rasmi cha wauguzi wa Congo, ambacho muuguzi lazima ajiandikishe ili afanye kazi. Stajieri bado hajafika hapo. Anachofanya pale hospitalini anakifanya chini ya jicho la muuguzi mwenye diploma, na huyo ndiye anayebeba jukumu.

Kwanza mizani

Malaria ndiyo inayojaza vitanda vya watoto. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mbu hawana likizo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, OMS, Congo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanane wa dunia nzima yuko hapa nchini. Na barani Afrika, karibu watatu kati ya kila wanne wanaokufa kwa malaria ni watoto wa chini ya miaka 5.

Mtoto mwenye malaria kali hupewa artesuneti kwa sindano mara tu anapopokelewa, kisha baada ya saa 12, na tena baada ya saa 24. Kipimo ni miligramu 3 kwa kila kilo, ikiwa mtoto hajafika kilo 20. Akifika kilo 20 au zaidi, ni miligramu 2.4 kwa kila kilo. Hapo ndipo mizani inaonyesha maana yake. Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 24. Stajieri akiandika 18 badala ya 8 kwenye fishi, mtoto huyo ataandikiwa miligramu 54, zaidi ya mara mbili. Kosa hilo moja litafuata kila dawa: ya homa, ya degedege, serumu, hata damu.

Kwa mtu mzima, dawa nyingi zina kipimo kimoja kwa wote. Kwa mtoto, hesabu hufanywa upya kila mara. Ndiyo maana wasimamizi wengi wa staji humpa mgeni kazi ya kupima kwanza: kilo, joto, mapigo ya moyo, pumzi. Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini daktari atasimamisha uamuzi wake juu ya namba hizo.

Pumzi nayo huhesabiwa kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50 kwa dakika, anapumua haraka mno. Kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, mpaka ni 40. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, ni 60. Stajieri anayehesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, huku mtoto analia, ataandika namba isiyo ya kweli.

Serumu si maji ya baraka

Jamaa wengi wakifika hospitali huomba mtoto «atiwe serumu». Mtoto akiwa na chupa juu ya kichwa, familia hupumua. Lakini serumu ni dawa kama nyingine, na kasi yake inaweza kuua.

Majirani zetu wa mashariki walilionyesha hilo. Utafiti ulioitwa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulifanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, na sehemu yake kuu ilikuwa na watoto 3,141 waliofika na homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu. Watafiti walitarajia kwamba kumimina serumu haraka kungewaokoa. Matokeo yalikuwa kinyume. Katika saa 48, kati ya watoto waliomiminiwa haraka walikufa karibu 10 au 11 kwa kila 100. Kati ya wale ambao hawakumiminiwa, walikufa 7 kwa kila 100.

Kwa stajieri, maana yake ni kuhesabu matone. Mrija wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita moja. Mrija wa watoto hutoa matone 60. Chukua mtoto yule yule wa kilo 8, mwenye upungufu mkubwa wa damu. Kwa kipimo cha mililita 20 za damu nzima kwa kila kilo, anahitaji mililita 160, zipite kwa muda wa saa 3 hadi 4. Kwa mrija wa kawaida na saa 4, hiyo ni matone 13 hivi kwa dakika. Lakini mfuko wa damu ya mtu mzima una karibu mililita 450. Ukiachwa wazi bila mtu kusimama hapo, moyo wa mtoto utazidiwa.

Kwa hiyo damu ikianza kuingia, stajieri aliyewekwa hapo haondoki. Anapima joto, mapigo na pumzi kila dakika 15 mwanzoni, kisha anaandika. Mtoto akianza kutetemeka, kuwashwa, kupanda homa ghafla au kupumua kwa shida, anafunga mrija na kumwita muuguzi mara moja. Hangoji kuulizwa.

Upungufu wa damu hautokani na malaria peke yake. Utafiti wa watoto wachanga uliofanyika Kisangani na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta karibu mtoto 1 kati ya 100 amezaliwa na ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi huuita kwa ufupi SS. Hao ni watoto watakaorudi mara kwa mara wakiwa na maumivu ya mifupa na damu kidogo. Stajieri hujifunza haraka kuwajua kwa majina, na kuamini wanaposema wanaumwa.

Mama ndiye daftari la kwanza

Mtoto wa miezi 9 hawezi kusema anaumwa wapi. Mama yake anajua. Analala naye, anamwogesha, anamlisha, na ndiye anayejua kwamba tangu jana hakukojoa. Maswali bora ya stajieri ni rahisi: «Mama, homa ilianza lini? Ananyonya? Anatapika kila kitu? Alishikwa na degedege? Unamwona kama analegea?» Jibu baya kwa swali moja kati ya haya linatosha kumfanya stajieri aache karatasi na kumwita mkubwa wake.

Kisangani inasema Kiswahili na Lingala, na wanaotoka vijijini huja na lugha zao. Kifaransa cha darasani hakifiki mbali hapo kitandani. Mwanafunzi anayejua neno la kitabu kwa kukojoa, lakini hawezi kuliuliza kwa lugha ya mama, bado hajauliza kitu.

Kuna pia maswali yanayohitaji heshima. Watoto wengine hufika baada ya kupewa dawa za miti, kwa mdomo au kwa njia ya haja kubwa. Degedege, katika mapokeo ya Waswahili, limehusishwa tangu zamani na ndege mkubwa, na familia inaweza kuanza kwa mtu wa dawa za miti kabla ya hospitali. Stajieri akifoka, mama atasema «hapana, hakupewa kitu», na daktari atatibu bila kujua. Akiuliza kwa upole, atapata ukweli ambao unaweza kubadilisha matibabu.

Mama huyo huyo mara nyingi ndiye anayetafuta pesa. Katika hospitali nyingi za Congo familia hulipa dawa, glavu na vipimo. Stajieri anamwona mama anakunja karatasi ya dawa na kuiweka kwenye kitambaa chake bila kwenda famasi. Si kazi yake kulipa, wala hawezi. Lakini ni kazi yake kumwambia muuguzi kwamba dozi ya saa sita usiku haijanunuliwa, kabla saa sita haijafika.

Usiku wa kwanza

Zamu ya usiku ina watu wachache, na umeme unaweza kukatika. Mwanga wa simu unakuwa taa ya kutafutia mshipa. Ni saa hizo ambapo mtoto aliyekuwa akicheza jioni anaweza kupoteza fahamu. Wauguzi hutumia kipimo chenye jina la mji wa Blantyre, Malawi, chenye alama 0 hadi 5, kuangalia macho, sauti na mikono ya mtoto. Chini ya 3, mtoto yuko katika koma, na sukari ya damu lazima ipimwe mara moja, kwa sababu inaweza kuwa imeshuka.

Watoto wengine hawafiki asubuhi. Kwa kijana wa miaka 20, huenda ikawa ni mara ya kwanza kumwona mtoto anakufa mikononi mwa watu aliowasaidia. Ataombwa kufunga mwili, na dakika chache baadaye kitanda cha jirani kitahitaji dawa. Shule humfundisha namna ya kufunga mwili. Namna ya kurudi kazini usiku ule ule anaipata kwa muuguzi mkubwa anayemkalisha pembeni, anamwambia kilichotokea, na kumwonyesha kipi kingewezekana na kipi hakikuwezekana. Msimamizi anayepata muda wa kufanya hivyo anamsaidia mwanafunzi asikimbie kazi, na pia asiwe mgumu kama jiwe.

Wazazi wana haki ya kuuliza

Mzazi anayemwona kijana mwenye bluzi nyeupe mpya ana haki ya kumwuliza: «Wewe ni muuguzi au stajieri?» Jibu la kweli halimshushi mtu heshima. Ana haki pia ya kuomba muuguzi awepo wakati wa kutafuta mshipa, na kuomba mtu mwingine ajaribu ikiwa majaribio ya kwanza yameshindikana. Anaweza kuuliza kilo zilizoandikwa kwenye fishi ya mtoto wake. Kama mtoto ni mdogo wa mwaka mmoja na fishi inasema kilo 18, mama ataona kosa kabla ya mtu yeyote.

Kwa upande wake, hospitali inayompokea stajieri haimpokei ili azibe pengo la wafanyakazi. Mwanafunzi aliyeachwa peke yake na vitanda vingi hajifunzi. Anabahatisha, na anayelipa ni mtoto. Mgeni anatakiwa kuona tendo likifanywa, kisha kulifanya akiangaliwa, kisha kuulizwa kwa nini alifanya hivyo. Hesabu ya dawa ya mtoto ipitie macho mawili kabla ya kuingia kwenye mshipa.

Mwisho wa zamu, kabla ya kuvua bluzi, stajieri hupita kitanda kwa kitanda na yule anayempokea: nani amekojoa, nani amekataa ziwa, damu ya nani imebaki mililita ngapi, artesuneti ya nani inafuata saa ngapi. Daftari la staji litapata sahihi na alama zake baadaye. Wakati huo wa makabidhiano, mama aliye kitandani anasikiliza, na mara nyingi ndiye anayekumbusha lililosahauliwa.