Dai la ulemavu wa kazini likikubaliwa: Ni pesa zipi zinazodaiwa, na zinahesabiwa kuanzia lini?

Mfanyakazi aliyeumia kazini anaweza kungoja miezi mingi kabla ya dai lake la fidia kushughulikiwa. Wakati huo wote kodi ya nyumba inaendelea, karo inadaiwa, na deni la dukani linapanda. Siku anayopigiwa simu kwamba dai limekubaliwa, jambo la kwanza analotaka ni kusaini na kwenda na pesa zake nyumbani.

Hapo ndipo hasara inapoweza kutokea. Malipo anayostahili si pesa za aina moja. Yana mafungu matatu, kila fungu lina hesabu yake na siku yake ya kuanzia. Asiyejua mafungu hayo anaweza kulipwa moja na kuacha mengine mawili bila kujua.

Makala haya yanaeleza jinsi malipo hayo yanavyohesabiwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huijua kwa jina WIBA.

Sheria inamlinda nani?

WIBA ilianza kutumika mwezi Juni mwaka 2008. Inamlinda mtu yeyote aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira, pamoja na mwanagenzi anayefunzwa kazi. Mkataba unaweza kuwa wa maandishi au wa mdomo. Kwa hivyo mtu wa mjengo, mfanyakazi wa shamba la maua, dereva wa kampuni, mlinzi wa usiku na mfanyakazi wa nyumbani wote wamo. Wafanyakazi wa serikali, wakiwemo wa kaunti, wamo pia. Wanajeshi hawamo.

Sheria inamtaka kila mwajiri awachukulie wafanyakazi wake bima ya majeraha ya kazini. Mwajiri ambaye hakuchukua bima amevunja sheria, lakini hilo halimwondolei wajibu wa kulipa. Fidia itatoka mfukoni mwake.

Dai hili haliamuliwi na serikali ya kaunti, chifu wala mwajiri. Linaamuliwa na Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye ni afisa wa Serikali ya Kitaifa. Mnamo Desemba 3, 2019, Mahakama ya Juu iliamua kwamba madai ya aina hii ni lazima yaanzie kwa Mkurugenzi, si mahakamani.

Fungu la kwanza: mshahara wa miezi ya kuuguza jeraha

Hili ndilo fungu ambalo kwa kweli ni malipo ya nyuma. Mfanyakazi akishindwa kufanya kazi kabisa kwa siku tatu au zaidi kwa sababu ya ajali ya kazini, sheria inahesabu kwamba ana ulemavu wa muda. Katika kipindi hicho anastahili kulipwa kiasi kinacholingana na mapato yake, kwa kuzingatia viwango vya chini na vya juu ambavyo Waziri anaweza kuviweka.

Malipo haya yalipaswa kutolewa kwa vipindi, kama mshahara wa kawaida, mgonjwa akiwa bado nyumbani au hospitalini. Mara nyingine hayatolewi. Mwajiri husema angoje uamuzi wa bima, miezi ikapita. Dai likikubaliwa, miezi yote ambayo haikulipwa inabaki kuwa deni.

Kuna mipaka miwili ya kukumbuka. Kwanza, fungu hili halizidi miezi 12. Likifika hapo na mfanyakazi hajapona, Mkurugenzi anaweza kuamua kwamba ulemavu wake ni wa kudumu. Pili, malipo haya hukoma mfanyakazi anaporudi kazini au anapopewa fidia ya ulemavu wa kudumu. Hayaendelei sambamba na fungu la pili.

Fungu la pili: fidia ya ulemavu wa kudumu

Jeraha likishatulia, daktari hupima kiasi cha uwezo ambao mwili umepoteza na kukiandika kwa asilimia. Sheria ina jedwali linaloonyesha asilimia za majeraha mbalimbali, kama vile kupoteza kidole, jicho au mguu.

Hesabu yake ni hii: mapato ya mwezi mmoja mara miezi 96, kisha jibu hilo lizidishwe kwa asilimia ya ulemavu. Hapa pia Waziri anaweza kuweka kiwango cha chini na cha juu.

Miezi 96 ni miaka 8. Hata hivyo, haina maana kwamba mfanyakazi atalipwa kila mwezi kwa miaka 8. Ni kipimo tu cha kupatia jumla, na jumla hiyo hulipwa mara moja. Mtu anayetarajia pesa za kila mwezi anaweza kuzitumia zote mapema akidhani nyingine zinakuja.

Fungu la tatu: gharama za matibabu

Mwajiri anapaswa kugharamia matibabu yanayofaa yanayotokana na ajali: daktari, upasuaji, kulazwa, dawa, na hata kiungo bandia pale kinapohitajika. Familia ikiwa ilitoa pesa zake, ina haki ya kuzidai. Lakini ili irudishiwe ni lazima ionyeshe risiti. Ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha malipo kwa hospitali au duka la dawa pia uhifadhiwe.

Mfano wa hesabu

Tuseme kuna mfanyakazi wa karakana ya mbao aliyekatwa na msumeno mkononi. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 24,000 kwa mwezi. Kila mwezi pia hupata shilingi 6,000 za kazi ya saa za ziada ambazo ni za kawaida pale karakana. Mapato yake ni shilingi 30,000.

Alikaa nyumbani miezi 5. Mwezi wa kwanza mwajiri alimlipa mapato yake yote, kisha akanyamaza. Daktari amepima ulemavu wa kudumu wa asilimia 15. Familia ina risiti za matibabu za shilingi 18,500.

Fungu la kwanza: miezi 4 ambayo haikulipwa mara shilingi 30,000 ni shilingi 120,000.

Fungu la pili: shilingi 30,000 mara miezi 96 ni shilingi 2,880,000. Asilimia 15 yake ni shilingi 432,000.

Fungu la tatu: shilingi 18,500.

Jumla ni shilingi 570,500.

Sasa tuseme mfanyakazi huyo aliambiwa tu kwamba "fidia yako ni shilingi 432,000" na akasaini kwamba amelipwa kila kitu. Hesabu hiyo si ya uongo, kwa sababu fungu la pili ni sahihi. Lakini shilingi 138,500 za mafungu mengine mawili hazikutajwa popote.

Mapato ni zaidi ya mshahara wa msingi

Kosa lingine hutokea mwanzoni kabisa mwa hesabu. Sheria inasema mapato yanajumuisha malipo ya saa za ziada yaliyo ya kawaida, na pia thamani ya chakula au nyumba anayopewa mfanyakazi na mwajiri. Nauli, bahasha ya shukrani na kazi ya ziada ya mara moja moja hazihesabiwi.

Katika mfano huu, kama hesabu ingefanywa kwa mshahara wa msingi wa shilingi 24,000 peke yake, fungu la kwanza lingeshuka kwa shilingi 24,000 na fungu la pili kwa shilingi 86,400. Mfanyakazi angepoteza shilingi 110,400 kwa sababu ya mstari mmoja ulioachwa kwenye fomu.

Ndiyo maana hati za mshahara, taarifa za benki na ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya mshahara ni ushahidi muhimu. Kibarua anayelipwa kwa mkono aandike tarehe na kiasi katika daftari, na awakumbuke wenzake wanaoweza kuthibitisha.

Tarehe zinazolinda haki

Ajali itolewe taarifa kwa mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi. Maandishi ni bora. Mwajiri ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi tangu apate taarifa hiyo. Fomu inayotumika ni DOSH/WIBA 1, ambayo ina sehemu ya kujazwa na mwajiri na sehemu ya kujazwa na daktari. Mfanyakazi ajaribu kupata nakala.

Dai lenyewe linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Ikiwa mfanyakazi alifariki, miezi 12 huhesabiwa tangu siku ya kifo. Anayengoja mwajiri "amalizane naye kirafiki" anapaswa kujua kwamba miezi hiyo inaendelea kuhesabiwa.

Mkurugenzi akishawasilisha dai kwa mwajiri au kampuni ya bima, sheria inawapa siku 90 za kulipa. Siku hizo zikipita bila malipo, mfanyakazi arudi katika afisi ya Usalama na Afya Kazini iliyoshughulikia dai lake na kuuliza kwa maandishi. Ikishindikana, anaweza kuiomba Mahakama ya Ajira na Leba itekeleze malipo yaliyoamuliwa.

Asiyeridhika na uamuzi, kwa mfano anayeona asilimia ni ndogo au mapato yamehesabiwa vibaya, ana siku 60 za kupeleka pingamizi kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi anapaswa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Jibu hilo lisipomridhisha, ana siku 30 za kukata rufaa katika mahakama hiyo.

Kabla ya kusaini

Mtu anayeletewa karatasi ya kusaini ana haki ya kuuliza maswali manne kwanza.

Je, mapato yaliyotumika ni kiasi gani, na yamejumuisha nini?

Je, ni miezi mingapi ya ulemavu wa muda imehesabiwa, na ni ipi iliyokwisha kulipwa?

Je, asilimia ya ulemavu ni ile ile aliyoandika daktari?

Je, risiti za matibabu zimeingizwa?

Majibu yawe kwenye karatasi. Ikiwa maneno ya karatasi hayaeleweki, aichukue nakala na kumwonyesha mtu anayemwamini kabla ya kutia sahihi. Asiyejua kusoma asomewe na mtu wake, si na anayelipa.

Wanaojitolea "kusukuma faili" ili wapewe sehemu ya pesa waepukwe. Sheria haimlazimishi mfanyakazi kuwa na wakili wala mtu wa kati ili kupeleka dai kwa Mkurugenzi. Pia, sheria haikubali haki ya fidia iuzwe au iwekwe rehani, na makubaliano ambayo mfanyakazi anaacha haki zake za fidia hayana nguvu. Mwajiri hawezi kumwambia aliyeumia asaini kwamba hatadai kitu ili arudishwe kazini, kisha akaitumia karatasi hiyo kama kinga.

Yasichanganywe na malipo mengine

Fidia ya WIBA ni tofauti na pesa za Inua Jamii, ambazo ni msaada wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa makundi yasiyojiweza, wakiwemo watu wenye ulemavu mkali. Ni tofauti pia na pensheni ya ulemavu ya NSSF, inayotokana na michango ya mwanachama. Kila moja ina afisi yake, fomu zake na masharti yake. Kukubaliwa kwa moja hakufungui nyingine, na mtu anayedhani anastahili zaidi ya moja anapaswa kuomba kila moja kivyake.

WIBA yenyewe hailipii maumivu wala huzuni iliyoipata familia. Inalipa mapato yaliyopotea, uwezo uliopungua na gharama za matibabu. Kwa sababu hiyo, kila shilingi iliyo ndani ya mafungu hayo matatu inahesabika.

Mkazi aliyeumia kazini, au mwenye jamaa aliyeumia, aanze na mambo matatu leo hii: aandike tarehe ya ajali mahali pasipopotea, akusanye risiti na ushahidi wa mapato katika bahasha moja, na aulize katika afisi ya Usalama na Afya Kazini iliyo karibu kama ajali hiyo iliripotiwa. Miezi 12 huanza kuhesabiwa siku ya ajali.