Saratani ya ngozi: Lini mara ya mwisho ulitazama nyayo zako?

Ukimtajia mtu wa Pwani saratani ya ngozi, mara nyingi atakujibu kuwa hayo ni maradhi ya Wazungu wanaojianika ufuoni. Kuna ukweli hapo. Melanini, ile rangi inayoifanya ngozi yetu kuwa nyeusi, huzuia sehemu kubwa ya miale mikali ya jua, ndiyo maana kwetu ugonjwa huu ni nadra. Lakini haukosekani. Kwetu hujificha pahali ambapo jua halifiki, na kwa kuwa hakuna anayeutarajia, mara nyingi hugunduliwa ukiwa umeshaenea.

Bob Marley alikuwa na kidonda chini ya ukucha wa kidole cha mguu, kikadhaniwa ni jeraha la kucheza mpira. Mwaka 1977 ikabainika ni melanoma, mojawapo ya saratani hatari zaidi za ngozi. Ilisambaa hadi kwenye mapafu na ubongo, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Kwa watu weusi, melanoma hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na hapo jua halina lawama.

Sasa fikiria miguu yetu. Mvuvi amezoea miiba na makali ya matumbawe. Akiona doa jeusi unyayoni atasema ni mwiba uliobakia. Bi harusi na shangazi zake wamejipaka hina na piko hadi kwenye kucha, na chini ya piko huwezi kuona kitu. Wengi wetu twaosha miguu mara tano kwa siku tukitia udhu, lakini ni nani anayeinua unyayo akautazama?

Basi mara moja kwa mwezi, hina ikishatoka, kaa penye mwanga utazame nyayo, viganja, kucha na katikati ya vidole. Mgongo mwachie mwenzio. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa watu weusi, usishtuke. Wa kushughulikiwa ni mstari mpya kwenye ukucha mmoja, unaozidi kupanuka, au weusi unaovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi. Vilevile doa unyayoni linalokua, lenye kingo zisizo sawa au linalotoa damu.

Makovu ya moto na vidonda sugu navyo visisahaulike. Kovu la miaka mingi likifunguka upya, au kidonda kikikataa kupona mwezi mzima ilhali umekipaka mshubiri na kila dawa ya jirani, kipeleke hospitali.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino mambo ni tofauti kabisa. Wao jua ndilo adui, na kwao kujitazama nyumbani hakutoshi. Wanahitaji kuonwa na mtaalamu wa ngozi kila baada ya miezi sita hivi, hasa uso, masikio, midomo, shingo na migongo ya mikono, kwa sababu gamba dogo lisilobanduka huweza kutibiwa kabla halijageuka saratani. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa mafuta ya kujikinga na jua bila malipo kwa waliosajiliwa. Mzazi ambaye mwanawe hajasajiliwa anamnyima haki yake.

Kinachowarudisha wengi nyumbani ni hofu ya kisu. Kuujua ukweli, daktari hukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe maabara, na watu huamini saratani ikiguswa na kisu husambaa. Si kweli. Ikiwahiwa ikiwa bado changa, mara nyingi kuikata ndiyo tiba yenyewe.

Na ukienda zahanati ukaambiwa ni fangasi, ukapewa dawa ya kupaka, itumie. Wiki nne zikipita bila mabadiliko, rudi, vua kiatu tena, na uombe barua ya rufaa.