Kuhama Nyumba na Kurejesha Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema. Amma baad.

Enyi ndugu Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo linalompata karibu kila mtu, nalo ni kuhama nyumba. Mtu huhamishwa kazi, au hustaafu, au kodi humshinda, au watoto huoa na kuolewa, yeye na mkewe wakabaki katika nyumba kubwa wasiyoihitaji tena. Hapo hutoka katika vyumba sita kwenda viwili, na vitu vilivyokusanywa kwa miaka thelathini vikakosa pa kuwekwa. Hapana budi vipunguzwe. Wengi hudhani kuwa hii ni kazi ya mikono tu: huyu afunge, yule abebe, hiki kitupwe, kile apewe jirani. Lakini katika sharia yetu kazi hii ina hukumu zake. Asiyezijua huenda akatoa sadaka mali ya mtu mwingine, naye akadhani kuwa anachuma thawabu.

Mfano bora wa mwenye kuhama ni Mtume wetu (s.a.w.). Mwaka 622 wa Miladi, Makureshi walipoafikiana kumwua, nyumbani kwake kulikuwa na amana za watu wa Makka. Hata wale walioukataa ujumbe wake walimwamini kwa mali zao. Ni nani aliyekuwa na haraka kuliko yeye usiku ule? Ni nani aliyekuwa na udhuru mkubwa zaidi? Juu ya hayo alimwacha Ali bin Abi Talib (r.a.) alale kitandani pake, na akamwamuru abaki Makka mpaka kila amana imfikie mwenyewe. Ali akakaa siku tatu akizirejesha, kisha ndipo akamfuata Mtume, akamkuta Kubaa. Mtume aliiacha nyumba yake na mji alioupenda, lakini hakuacha nyuma yake haki ya mtu.

Basi, ndugu zangu, mnapofungua kabati na masanduku, swali la kwanza lisiwe: "Je, nakitaka kitu hiki?" Swali la kwanza liwe: "Je, kitu hiki ni changu?" Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Na nyumba zetu zimejaa vitu vya watu: sinia la jirani lililokuja na chakula cha Idi, mkeka ulioazimwa siku ya msiba, jembe, ngazi, sufuria kubwa iliyotiwa wakfu kwa shughuli za mtaa, Msahafu uliochukuliwa msikitini ukasahauliwa. Kilichotiwa wakfu hakiuzwi wala hakitolewi zawadi. Hurudishwa pale kilipowekewa.

Mimi mwenyewe, nilipohama mara ya mwisho, niliona katika vitabu vyangu nakala ya Minhaji ya Imamu Nawawi, na ndani yake jina la mwenzangu wa chuoni. Niliiazima kwa wiki moja. Ilikaa kwangu zaidi ya miaka ishirini. Nikaulizia habari zake, nikaambiwa kuwa amekwisha kufariki. Nikaipeleka kwa mwanawe, naye akaifungua, akayaona maandishi ya baba yake pambizoni, akanyamaza kwa muda mrefu. Nilikuwa nikisomesha watu fikihi kwa kitabu ambacho hukumu yake mwenyewe nilikuwa nimeisahau. Mwenye kitu akiwa amekufa, haki yake ni ya warithi wake. Na asipojulikana kabisa, mwende kwa kadhi au kwa mwanachuoni mumwulize, msijihukumie wenyewe.

La pili ni vitu vya marehemu. Kitanda cha samadari cha bibi, cherehani ya mama, saa ya baba: hivi havikuwa vya yule aliyebaki na ufunguo wa nyumba. Ikiwa mirathi haijagawanywa, ni vya warithi wote. Warithi waliobaleghe, wenye akili timamu, wanaweza kusameheana kwa ridhaa zao. Ama fungu la mtoto yatima, hana mtu ruhusa ya kulitoa, hata ndugu wote wakikubaliana. Na lililo karibu na hilo ni mali ya mke. Mahari yake, vyombo alivyonunua na zawadi alizopewa ni milki yake, na mume hana haki ya kuvigawa bila ya idhini yake.

Baada ya haki za watu kutoka, hapo ndipo mtu atazame kilicho chake. Imamu Muslim amepokea kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alihesabu matandiko: moja la mume, moja la mkewe, la tatu la mgeni, na la nne akalinasibisha na shetani. Imamu Nawawi ameeleza kuwa makusudio ni kile kinachozidi haja, kikawekwa kwa fahari na majivuno. Tazameni jinsi mgeni alivyowekewa fungu lake katika hesabu hii. Dini haikutuambia tukae katika nyumba tupu. Imetuambia tujue mpaka wa haja.

Kinachozidi kitolewe, na utoaji nao una adabu. Katika Suratul Baqarah, aya ya 267, Mwenyezi Mungu ametukataza kukusudia kutoa kilicho kibaya, ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Shati lililochanika na sufuria iliyotoboka si sadaka. Huko ni kumfanya maskini jalala. Kishoneni, kizibeni, kifueni, ndipo mtoe. Abu Talha (r.a.) alipotaka kutoa bustani yake ya Bairuha, mali aliyoipenda kuliko zote, Mtume alimshauri awape jamaa zake. Basi tuanze na jamaa wenye haja, kisha majirani. Wala tusimsimange tuliyempa.

Anayetaka kuuza vitu vyake hana makosa, lakini aseme aibu ya kitu. Mtume alitia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta umajimaji chini, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha. Ikiwa jiko linavuja au jokofu halipoi sawasawa, mnunuzi aambiwe kabla ya kulipa. Na karatasi zenye aya za Qur'ani zisitupwe jalalani. Zizikwe mahali safi, au zichomwe kwa heshima, kama Sayyidna Uthman (r.a.) alivyoamuru zichomwe nakala nyingine alipowakusanya Waislamu juu ya Msahafu mmoja.

Ndugu Waislamu, siku moja nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) alichinjwa mbuzi, nyama ikagawanywa. Mtume akauliza kilichobaki, na Bibi Aisha (r.a.) akajibu kuwa limebaki bega tu. Mtume akamfahamisha kuwa kilichobaki ni chote kile kilichotolewa, isipokuwa hilo bega. Hiyo ndiyo hesabu ya mwenye kuhama. Na sote tunahama. Iko nyumba ya mwisho ambayo kwenda kwake hatupewi siku tatu za kurejesha amana, wala hatuna Ali wa kumwacha nyuma. Mwenye kitu cha mtu na akirudishe leo, maadamu mlango ungali wazi na mkono ungali na nguvu.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi nanyi na Waislamu wote. Ewe Mola wetu, tutoe duniani hali ya kuwa hatudaiwi haki ya mja wako yeyote. Amin.